René Favaloro, muganga wa kijiji aliyeitafutia damu ya moyo njia nyingine

Huko Argentina, nchi ya Amerika ya Kusini, hata mtoto wa shule ya msingi analijua jina la Docta René Favaloro. Mabarabara, mashule na mahospitali yanabeba jina lake. Yeye ndiye aliyefanya upasuaji wa moyo unaoitwa baipasi, ule ambao waganga wa kwetu wanauita pontaje, uwe kazi ya kila siku katika mahospitali ya dunia. Alikufa mwaka wa 2000. Lakini swali lililotokana na kazi yake lingali linasumbua jamaa nyingi zenye mzazi mgonjwa wa moyo: mzee apasuliwe kifua, ao awekewe stenti, yaani kile kimrija kidogo cha waya kinachotanua mshipa wa damu?

Huku Masisi na Walikale swali hilo linakuja na uzito wake. Hospitali kuu za Masisi-Centre na Walikale-Centre hazifanyi kazi hiyo, ya kwanza wala ya pili. Jamaa inayotaka kumtibisha mzee wao inabidi ifikirie Kampala, Nairobi ao Dar es Salaam, na mara nyingi inabidi iuzishe ngombe ao shamba. Ni vizuri kujua mapema kitu gani kinanunuliwa. Na maisha ya Favaloro yanasaidia kuelewa, juu mbele ya kuwa bingwa wa moyo alikuwa muganga wa kijiji kwa miaka 12.

Mtoto wa fundi mbao

René Gerónimo Favaloro alizaliwa tarehe 12 mwezi wa saba 1923 katika muji wa La Plata, karibu na Buenos Aires. Babu na nyanya zake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Baba yake alikuwa fundi mbao, mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Haikuwa jamaa ya matajiri. Mtoto alikuwa akimsaidia baba katika karakana, na baadaye watu wengi waliona kama mikono ile ya upasuaji ilianza kufundishwa pale, kati ya msumeno na randa.

Alisoma udaktari katika chuo kikuu cha La Plata, akamaliza mwaka wa 1949. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na nafasi ya kazi ilipatikana katika hospitali kubwa ya muji ule. Lakini ili aipate, alitakiwa atie sahihi kwenye karatasi ya kukubali siasa ya chama kilichotawala. Favaloro akakataa. Aliona kazi ya daktari haipaswi kulipiwa na sahihi ya chama. Kwa kukataa hivyo, mlango wa hospitali ukafungwa.

Mwaka wa 1950 barua ikafika kutoka kwa mjomba wake aliyekaa Jacinto Aráuz, kijiji kidogo cha jimbo la La Pampa. Muganga mmoja tu wa kijiji alikuwa mgonjwa sana, na wakaaji walikuwa wanatafuta mtu wa kumshikia nafasi kwa miezi michache. Favaloro akapanda treni akaenda. Yule muganga akafariki, na miezi michache ikageuka kuwa miaka 12.

Miaka 12 ya kijiji

Jacinto Aráuz ni inchi ya upepo na vumbi, yenye mashamba ya ngano na malisho ya ngombe. Watu walikuwa wachache na mbali mbali. Mvua ikinyesha, njia ziligeuka matope, na daktari alipaswa kufika kwa wagonjwa vilevile. Mtu wa Nyabiondo ao wa Pinga, anayejua mgonjwa akibebwa kwa kipoyi ao nyuma ya pikipiki, hana haja ya kuelezewa zaidi.

Mwaka wa 1951 alioa María Antonia Delgado, mchumba wake wa tangu masomo ya sekondari. Kisha ndugu yake Juan José, naye daktari, akaja kumsaidia. Wakageuza nyumba kuwa kliniki, wakaweka chumba cha operesheni, mashine ya picha za mionzi na maabara. Benki ya damu hawakuwa nayo, kwa hiyo walitengeneza liste ya wakaaji kulingana na aina ya damu zao. Mgonjwa akihitaji damu, mtu wa aina hiyo aliitwa hata usiku, akatoa damu palepale. Benki yao ilikuwa watu wazima wanaotembea.

Lakini kazi kubwa zaidi haikuwa ya kisu. Favaloro na nduguye walifundisha wakunga, wakakusanya wamama kuwaeleza usafi na chakula cha watoto, wakaingia mashuleni kuzungumza na walimu. Kisha miaka kadhaa, vifo vya watoto wachanga vilipungua sana, na magonjwa ya wamama baada ya kuzaa pia. Pale kijijini alizoea kitu kimoja: kumjua mgonjwa pamoja na nyumba yake, kujua nani atamhudumia na kama ataweza kurudi kwa dawa. Muganga wa muji mkubwa anaweza kumtuma mgonjwa kwake bila kuuliza hayo, lakini muganga wa kijiji anakutana naye tena sokoni.

Cleveland, na picha za mishipa

Miaka ilivyopita, Favaloro alisoma katika magazeti ya kiganga namna upasuaji wa moyo ulivyokuwa unaendelea Marekani. Mwaka wa 1962, akiwa karibu na miaka 39, aliacha kijiji akaenda Cleveland Clinic, katika jimbo la Ohio. Kingereza chake kilikuwa kidogo na diploma yake haikumruhusu kutibu kule. Alianza chini kabisa, akisaidia kazi yoyote aliyopewa, huku akijitayarisha kwa mtihani wa waganga wageni. Mkubwa wa upasuaji wa moyo alikuwa Donald Effler, naye alimpokea.

Palepale Cleveland alikuwapo Docta Mason Sones. Huyu alikuwa amegundua, mwaka wa 1958, namna ya kupiga picha ya mishipa midogo inayoupa moyo damu. Anapitisha mrija mwembamba mpaka kwenye moyo, anapuliza dawa yenye rangi, na filamu inaonyesha mahali damu inapita na mahali imezibwa. Kisha kazi ya mchana, Favaloro alikuwa akikaa saa nyingi akitazama filamu za Sones moja kwa moja.

Hapa inafaa kueleza ugonjwa wenyewe. Moyo ni pampu inayosukuma damu mwili mzima, lakini nao unahitaji damu yake. Unaipata kwa mishipa midogo inayouzunguka. Miaka ikipita, mafuta yanagandamana ndani ya mishipa hiyo, zaidi kwa mtu wa tansio, wa ugonjwa wa sukari ao wa sigara. Mzee anaanza kusikia kifua kinabanwa anapopanda kilima, maumivu yanaweza kwenda mkononi ao kwenye taya, akipumzika yanatulia. Wengine, zaidi wazee na wenye sukari, hawasikii maumivu, wanachoka tu na kukosa pumzi. Mshipa ukizibwa kabisa kwa ghafula, sehemu ya moyo inaanza kufa.

Udongo ukianguka katika barabara ya Sake kwenda Masisi, wakaaji wana njia 2: kuchimba kando barabara nyingine inayozunguka pale palipoharibika, ao kuondoa udongo na kuweka miti ya kuzuia ukuta usianguke tena. Favaloro alifikiria njia ya kwanza. Alijua mguu una mshipa mrefu ambao mtu anaweza kuishi bila huo. Kwa nini usikatwe, ukashonwa kwenye moyo, damu ikapita huko?

Tarehe 9 mwezi wa tano 1967 alifanya hivyo kwa mwanamke wa miaka 51, ambaye mshipa wake wa moyo wa upande wa kuume ulikuwa umezibwa kabisa. Siku chache baadaye Sones alipiga picha, na damu ilikuwa inapita. Ni haki kusema kama wengine walijaribu mbele yake. Kule Leningrad, Vasilii Kolesov alikuwa amekwisha kuunga mshipa wa kifua kwenye moyo mwaka wa 1964. Lakini ni Favaloro aliyeipanga kazi hiyo, akairudilia kwa mamia ya wagonjwa, akaiandika wazi ili wengine waifuate. Mwaka wa 1970 alitoa kitabu juu yake, na upasuaji ule ukasambaa duniani.

Njia ya pili inatokea

Miaka 10 tu ilipita. Tarehe 16 mwezi wa tisa 1977, huko Zurich katika Uswisi, daktari Mjerumani Andreas Grüntzig alipitisha mrija wenye puto dogo mpaka kwenye mshipa wa moyo wa mgonjwa ambaye hakuwa amelazwa usingizi. Puto likajazwa, likasukuma mafuta pembeni, damu ikapita. Kifua hakikupasuliwa. Shida ni kwamba mishipa mingi ilirudi kujibana kisha miezi michache. Ndiyo maana katika mwaka wa 1986 waganga wa Toulouse, Ufaransa, na wa Lausanne, Uswisi, walianza kuacha ndani kimrija cha waya cha kushikilia ukuta. Hiyo ni stenti. Baadaye stenti zikapakwa dawa ya kuzuia mshipa usijibane tena.

Mmoja wa waliotengeneza stenti zilizoenea sana ni Julio Palmaz, naye ni mzaliwa wa La Plata na alisoma udaktari chuo kikuu kile kile cha Favaloro. Muji mmoja ukazaa watoto 2, kila mmoja na njia yake ya kusaidia moyo huo huo.

Kwa mzee, njia gani?

Waganga wamelinganisha njia hizi kwa miaka mingi, na jibu lao halikuwa la neno moja.

Stenti ina faida ya wepesi. Inapitia mkononi ao kwenye paja, mgonjwa anaweza kurudi nyumbani kisha siku 1 ao 2. Mtu akipatwa na shambulio la ghafula, akiwa katika muji wenye vifaa, kwa kawaida ndiyo njia ya haraka ya kuokoa moyo. Kwa mzee dhaifu sana, mwenye mapafu ao figo mbovu, kupasuliwa kifua kunaweza kumshinda, na stenti inabaki njia ya busara.

Baipasi ni kazi nzito. Mfupa wa kifua unafunguliwa, mara nyingi moyo unasimamishwa na mashine inafanya kazi yake. Mgonjwa anakaa hospitalini karibu juma moja ao zaidi, na nguvu zinarudi polepole kwa miezi 2 ao 3. Lakini kama mishipa mingi imezibwa, mara nyingi faida yake inadumu zaidi, juu inapita mbali na mahali pote pabovu, wakati stenti inatengeneza mahali pamoja tu.

Mwaka wa 2009 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 10 yenye wagonjwa karibu 7,800. Kwa watu wengi vifo havikutofautiana sana. Lakini kwa wenye miaka 65 na zaidi, na kwa wenye ugonjwa wa sukari, waliofanyiwa baipasi ndio walioishi wengi zaidi. Mwaka wa 2012 jaribio lingine lilifuata watu 1,900 wenye sukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyozibwa. Kisha miaka 5, kwa kila watu 100 wa stenti walikufa karibu 16, kwa kila 100 wa baipasi karibu 11. Lakini waliopatwa na kiharusi walikuwa karibu 2 kwa 100 upande wa stenti, na 5 kwa 100 upande wa baipasi. Kila njia ina bei yake mwilini.

Kuna jambo lingine ambalo kwa eneo letu ni kubwa. Mtu aliyewekewa stenti anapaswa kumeza dawa 2 za kuzuia damu isigande, kwa kawaida miezi 6 mpaka 12, kisha kubaki na moja. Akiacha mapema bila daktari, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kumuua. Sasa mtu wa Masisi ao Walikale anajiuliza: vita ikifukuza watu kijijini, barabara ikifungwa, famasi ikikosa dawa, mzee atazipata wapi? Hata wa baipasi anahitaji dawa maisha yote, lakini hatari ya kukatiza ile ya stenti katika miezi ya kwanza ni kali zaidi. Jamaa inapaswa kumwambia daktari ukweli huo wa makao yao mbele ya kuchagua, bila haya.

Na si kila mgonjwa anahitaji mojawapo. Mwaka wa 2020 jaribio kubwa la watu zaidi ya 5,000, wenye ugonjwa uliotulia na bila kuzibwa kwa mshipa mkuu wa kushoto, lilionyesha kwamba kuongeza stenti ao baipasi juu ya dawa nzuri hakukupunguza vifo katika miaka ile michache ya kufuatwa. Kulipunguza maumivu ya kifua, lakini dawa za tansio, za mafuta ya damu na za kulainisha damu, pamoja na kuacha sigara, zilibeba sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo mbele ya kuuzisha ngombe, mzee apimwe tansio na sukari karibu na nyumbani, dawa zianzishwe, na daktari aulizwe maswali haya: mishipa mingapi imezibwa? Ule mkuu wa kushoto umeguswa? Mzee ana nguvu ya kuvumilia kisu? Tukibaki na dawa tu, tunapoteza nini? Dawa za baadaye zitagharimu ngapi kwa mwezi? Lakini maumivu ya kifua yanayokuja ghafula na kukataa kutulia hayangoji maswali: ni kwenda kituo cha afya ao hospitali palepale.

Kurudi nyumbani

Favaloro angeweza kubaki Marekani. Alikuwa na jina na mshahara mkubwa. Mwaka wa 1971 akarudi Argentina, akitaka nchi yake iwe na mahali pa kutibu, kufundisha na kutafiti. Mwaka wa 1975 shirika lenye jina lake, Fundación Favaloro, likaanzishwa. Waganga kutoka nchi nyingi za Amerika ya Kusini walikuja kujifunza kwake, wakarudi kupasua kwao. Mwaka wa 1992 hospitali yake ya moyo ikafunguliwa Buenos Aires. Asiye na makuta naye alipokelewa.

Serekali iliporudi mikononi mwa raia kisha utawala wa kijeshi, Favaloro aliitwa mwaka wa 1983 kuwa katika tume ya kuchunguza watu waliopotezwa. Baadaye akaacha kiti hicho, akaendelea na hospitali.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Karibu na mwaka wa 2000 uchumi wa Argentina ulikuwa unaanguka. Mifuko ya bima, pamoja na ule wa wazee wa pensheni, ilikuwa na madeni makubwa kwa shirika lake na haikulipa. Kulikuwa na desturi ya kurudisha makuta chini ya meza ili mtu apate wagonjwa na malipo, naye hakutaka kuingia humo. Aliandika barua kuomba msaada, hata kwa rais wa nchi, na mlango haukufunguka. Mke wake alikuwa amefariki mwaka wa 1998. Tarehe 29 mwezi wa saba 2000, akiwa na miaka 77, alijitoa uhai. Mtu aliyepigania mioyo ya wengine alizidiwa na uzito alioubeba karibu peke yake. Anayejisikia hivyo leo, ao anayeona ndugu yake ananyamaza sana chini ya madeni na huzuni, asingoje: azungumze na mtu wa karibu, pasta, padri, imamu ao muuguzi wa kituo cha afya.

Hospitali yake haikufa. Mpaka leo inapokea wagonjwa Buenos Aires, na ndani yake wanafanya baipasi na wanaweka stenti pia, kulingana na mgonjwa aliye mbele yao.

Katika barua alizoacha, Favaloro alieleza mahali alipotaka majivu yake yamwagwe. Yalimwagwa karibu na Jacinto Aráuz, kule alikokuwa amekwenda kushika nafasi ya mwingine kwa miezi michache.